Kalibu na Watoto Wake

Goweko ni kituo cha gari la moshi katika nchi ya Unyamwezi, upande wa mashariki wa Tabora. Kiangazi kifikapo, na mvua zikiisha kabisa, watu wa huko, kama watu wa vijiji vingine vingi vya Unyamwezi, huanza kufyatua matofali. Udongo hukanyagwa kwa miguu pamoja na maji mpaka uwe laini kama ugali. Kisha fundi huchukua kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, hukilowesha maji, hukijaza udongo, husawazisha juu yake kwa kibao, halafu hukinyanyua polepole. Kisanduku hutoka, tofali hubaki chini. Hufanya hivyo mara ya pili, na ya tatu, na ya mia, na kila tofali huwa sawa na mwenzake.

Kisanduku hicho huitwa kalibu. Ni kitu kidogo, na bei yake si kubwa, lakini nyumba nzima hutoka ndani yake. Hapo ndipo ilipo faida ya kalibu: fundi hufanya kazi ya uangalifu mara moja tu, katika kuitengeneza, na baadaye kalibu humrudishia kazi ile mara nyingi. Lakini jambo hili lina upande wa pili, nao haufai kusahauliwa. Kalibu ikiwa imepinda pembe moja, matofali yote yatapinda pembe ile ile. Wazee husema, Mtoto wa nyoka ni nyoka. Vivyo hivyo mtoto wa kalibu iliyopinda ni tofali lililopinda, wala haifai kuulaumu udongo.

Zaidi ya hayo, kalibu ni kinyume cha kitu kinachotoka ndani yake. Mahali penye uwazi katika kalibu ndipo penye unene katika tofali. Na mahali penye nundu katika kalibu ndipo penye shimo katika tofali. Fundi akitaka herufi G itokee juu ya kila tofali, lazima aichonge kwa kuigeuza, kama ionekanavyo katika kioo. Akiichonga sawasawa, matofali yake yote yataandikwa kinyume.

Kalibu si jambo geni katika njia ya zamani ya misafara. Kabla ya reli kujengwa, njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Wanyamwezi walijulikana sana kwa upagazi na kwa biashara, na baadhi yao walisafiri mbali hata wakafika Katanga, nchi ya shaba nyekundu. Mmoja wao alikuwa Msiri, mtu wa Usumbwa, ambaye alikwenda Katanga katika miaka ya 1850 na kitu, akawa mtawala mwenye nguvu huko mpaka alipouawa mwaka 1891. Katika nchi ile, tangu karne nyingi, wahunzi waliyeyusha shaba, wakaimimina katika vishimo vyenye umbo la msalaba. Shaba ilipopoa, waliitoa, na misalaba ile ikatumika kama fedha katika biashara.

Kalibu ya namna hiyo ni ya wazi, maana haina kifuniko. Upande wa chini wa shaba huchukua umbo la kishimo, lakini upande wa juu hubaki kama maji yalivyotulia. Kwa msalaba wa shaba hapana dhara. Lakini kitu kinachotakiwa kuwa na umbo pande zote hakiwezi kufanywa katika kalibu ya wazi. Hicho chataka kalibu yenye sehemu mbili, moja ya chini na moja ya juu, nazo zikutane sawasawa bila kuachana hata kidogo.

Mfano mashuhuri wa kazi yenye pande mbili ulionekana karibu na Goweko penyewe. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo wa 1914 vita kuu ikaanza. Wakati ule nchi ilitawaliwa na Wajerumani, na manowari za Waingereza zilifunga bahari, hata fedha kutoka Ulaya haikuweza kuingia. Serikali ya Wajerumani ikahamia Tabora. Askari walidai mishahara yao, wapagazi walidai ujira wao, na wenye kuuza nafaka walitaka malipo. Noti za karatasi zilichapwa humu humu nchini, lakini hizo peke yake hazikutosha. Wahenga walisema, Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi mwaka 1916 sarafu zikafanywa kwa vitu vilivyopatikana. Senti za heller 5 na heller 20 zilifanywa kwa shaba, nyingine kwa shaba iliyotoka katika maganda ya risasi za mizinga. Na sarafu ya dhahabu, yenye thamani ya rupia 15, ilipigwa katika karakana ya reli huko Lulanguru, kati ya Goweko na Tabora. Dhahabu yake ilitoka katika machimbo ya Sekenke, nchi ya Iramba.

Sarafu hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7 na zaidi kidogo. Upande mmoja ulikuwa na tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili ulikuwa na tai wa ufalme wa Kijerumani. Dhahabu haikumiminwa ikiwa maji. Kipande cha dhahabu kilicho duara kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, kikagandamizwa kwa nguvu nyingi, hata dhahabu ikaingia katika kila mchoro. Kwa hiyo chapa nayo ni kalibu, ila hutumia nguvu mahali pa moto.

Mchonga chapa lazima afikiri kinyume. Tembo akitakiwa kuinuka juu ya sarafu, hana budi kuzamishwa katika chapa. Akitakiwa kutazama kulia, huchongwa akitazama kushoto. Herufi T ni rahisi, maana ikigeuzwa ni ile ile. Bali hesabu 1916 lazima ichongwe kutoka kulia kwenda kushoto, na kila tarakimu igeuzwe pia. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, kwa patasi ndogo sana, na kosa likiisha kuingia katika chuma si rahisi kulifuta.

Sarafu za dhahabu zilizopigwa zilikuwa 16,198. Watu wanaozitazama kwa kioo cha kukuzia wameona kwamba ziko za namna mbili. Katika upande wa tai kuna pambo dogo karibu na maandishi. Katika sarafu nyingine ncha ya pambo hilo iko chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine iko chini ya A inayofuata. Sababu yake ni nyepesi. Chapa hazikuwa moja tu, na mkono wa mwanadamu hauwezi kuchonga mara mbili bila tofauti hata ya unywele. Tofauti ile ndogo ilitokea mara moja katika chuma, kisha ikazaliwa maelfu ya mara katika dhahabu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na utawala wa Wajerumani ukaisha huko. Chapa zile hazikutumika tena, lakini watoto wake wangaliko katika makumbusho na katika mikono ya wakusanyaji wa sarafu, na kila mmoja hushuhudia mama yake alikuwa yupi.

Sasa yafaa kuangalia jinsi kalibu ya kumiminia chuma itengenezwavyo. Mfano mzuri ni kapi la kisima, yaani gurudumu dogo lenye mfuo ukingoni, ambamo hupita kamba ya ndoo. Kapi likivunjika, wanawake na watoto huvuta kamba juu ya gogo, na kazi huwa nzito mara mbili. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki wako mafundi ambao huyeyusha alumini kuukuu, wakasubu sufuria na vyombo vingine. Fundi wa namna hiyo aweza kusubu kapi jipya, akipata mfano wake. Mfano ni kitu chenye umbo la kapi, kilichochongwa kwa mti au kufanywa kwa nta. Huuzika mfano katika mchanga wenye udongo kidogo na unyevu kidogo, hushindilia mchanga pande zote, halafu hutoa mfano. Uwazi unaobaki ndiyo kalibu.

Kazi hiyo ina masharti manne.

Sharti la kwanza ni kwamba mfano uweze kutoka bila kuvunja mchanga. Mtu akililaza kapi chini kama sahani, mchanga utaingia katika mfuo kuzunguka ukingo wote, na mfano hautanyanyuka, maana mchanga umeushika kama meno. Lakini akilisimamisha kapi kama gurudumu la baiskeli, akaligawa nusu mbili katikati, nusu moja katika sanduku la chini na nusu moja katika sanduku la juu, kila nusu hutoka bila shida. Kitu ni kile kile. Ila njia moja huzuia na nyingine hufungua. Tena kuta za mfano zisisimame wima kabisa. Huachiwa mteremko mdogo, wa digrii 1 au 2, kama kuta za ndoo, ambayo mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Ndiyo maana ndoo moja hutoka upesi ndani ya nyingine.

Sharti la pili ni kukumbuka kwamba chuma hupungua kikipoa. Alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660, na tangu inapoganda mpaka inapopoa kabisa, hupungua karibu sehemu 13 katika kila 1,000. Kapi likitakiwa kuwa na upana wa milimita 200, mfano wake lazima uwe na upana wa milimita 202 na sehemu 6 za kumi. Fundi asiyejua hesabu hiyo atapata kapi zuri la kutazama, lakini dogo kwa mahali pake.

Sharti la tatu ni njia. Alumini iliyoyeyuka yahitaji mfereji wa kuingilia, na hewa iliyomo katika kalibu yahitaji tundu la kutokea. Hewa isipopata pa kutokea, itajificha ndani ya chuma kama mapovu, na kapi litakuwa na matundu yasiyoonekana. Siku moja, ndoo ikiwa imejaa, kapi hilo litapasuka.

Sharti la nne ni kujihadhari na maji. Mchanga ukilowa sana, chuma cha moto kitayageuza maji kuwa mvuke kwa ghafula, na mvuke ukikosa njia hurusha chuma nje. Wasubuji wengi wameungua kwa sababu ya haraka. Kwa hiyo mchanga huwa na unyevu wa kushikamana tu, na mtoto hakaribii wakati wa kumimina.

Hayo yote yalijulikana zamani sana. Jambo lililo jipya katika siku hizi ni mahali mfano unapotengenezwa. Hapo kwanza mfano ulichongwa kwa mkono katika mti. Sasa waweza kutengenezwa ndani ya kompyuta, nao si mti wala nta, bali ni hesabu tupu.

Yawezekanaje hesabu kuwa na umbo? Mwanafunzi akitaka kueleza mahali taa ilipo katika darasa lake, aweza kutumia hesabu tatu: hatua ngapi kutoka ukuta wa kushoto, hatua ngapi kutoka ukuta wa mbele, na urefu gani kutoka sakafu. Kwa hesabu hizo tatu, mtu mwingine ataipata taa hata katika giza. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Hufunika umbo lote la kapi kwa pembetatu ndogo sana, kama samaki alivyofunikwa kwa magamba, na kwa kila pembe ya kila pembetatu huandika hesabu tatu. Mfano wa kapi huwa orodha ndefu ya hesabu. Orodha hiyo yaweza kupelekwa kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora kwa kitambo kidogo, ambapo zamani mfano wa mti ungesafiri kwa gari la moshi, na kabla ya hapo ungechukuliwa kichwani mwa mpagazi kwa miezi.

Mfano ukiisha kuandikwa, kompyuta yaweza kuutolea kalibu. Kwanza huukuza mfano wote kwa kadiri ya kupungua kwa chuma. Kisha hufanya pande la mraba linaloufunika mfano, halafu huutoa mfano katika pande hilo, na pande likabaki na uwazi ndani yake. Hii ni hesabu ya kutoa, isipokuwa badala ya kutoa 3 katika 10, hutolewa umbo katika umbo. Baadaye pande hukatwa vipande viwili. Fundi huambiwa na kompyuta ni mahali gani mfano utanaswa na ni mahali gani pana mteremko wa kutosha. Lakini kuchagua upande wa kukata ni kazi ya fundi mwenyewe. Mwishowe huongeza mfereji, matundu ya hewa, na vijiti vya kuongoza ili vipande vikutane pale pale kila mara.

Kutoka hapo ziko njia mbalimbali. Mashine yenye ncha kali yaweza kuchonga kalibu katika chuma au mti. Au mashine ya kuchapa maumbo yaweza kuujenga mfano kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Hataza ya mashine ya kwanza ya namna hii alipewa Charles Hull huko Marekani mwaka 1986. Ikiwa kila tabaka lina unene wa milimita 0.2, kapi lenye unene wa milimita 40 litajengwa kwa tabaka 200. Wala mashine hizo si za matajiri peke yao. Mwaka 2013, huko Lomé katika nchi ya Togo, Afate Gnikou alitengeneza moja kwa kutumia sehemu za kompyuta mbovu zilizotupwa.

Tena yako maumbo ambayo hayawezi kutoka katika mchanga kwa upande wo wote. Kwa hayo hutumika nta, kitu ambacho misitu ya Unyamwezi inacho kwa wingi kwa sababu ya nyuki wake. Mfano hufanywa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, kisha hupashwa moto. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la digrii 63 hivi, ikatoka kwa kitundu, na chuma kikamiminwa mahali pake. Mafundi wa Benin, katika nchi ambayo sasa ni Nijeria, walifanya sanamu nzuri sana kwa njia hiyo karne nyingi zilizopita. Siku hizi ziko mashine zichapazo mfano kwa nta moja kwa moja kutoka katika hesabu. Njia ni ile ya kale. Mkono tu umebadilika.

Je, kompyuta imeondoa kosa? La, haikuondoa. Mtu akilipima kapi la zamani ambalo kamba imelila upande mmoja kwa miaka mingi, mfano utakuwa wa kapi lililolika, na kila kapi litakalotoka litazaliwa likiwa zee. Tena namna moja ya orodha hizo inayotumika sana haina jina la kipimo. Huandika 200 tu, bila kusema 200 za nini. Mpokeaji akidhani ni inchi, wakati mwandishi alikusudia milimita, kapi litakuwa kubwa mara 25 na zaidi. Mashine haitashangaa. Itafanya kama ilivyoambiwa, tabaka juu ya tabaka, kwa uaminifu wote.

Kwa hiyo fundi wa kompyuta na mfyatuaji matofali wa Goweko wamo katika shule moja. Kila mmoja hupima kabla ya kuanza, hupima tena kabla ya kumimina, na kitu cha kwanza kikitoka hukitazama vizuri kabla ya kufanya cha pili. Kosa likionekana katika tofali la kwanza, limeharibika tofali moja. Likionekana nyumba ikiisha kujengwa, limeharibika jambo kubwa.

MASWALI

1. Kwa nini herufi G huchongwa kinyume katika kalibu? Taja herufi tano ambazo hazibadiliki zikigeuzwa kama katika kioo.
2. Sarafu za dhahabu za mwaka 1916 zilipigwa wapi, na kwa nini fedha haikuweza kuja kutoka Ulaya?
3. Chora kapi likiwa limelazwa, kisha likiwa limesimamishwa. Onyesha kwa mstari mahali pa kuligawa ili mfano utoke katika mchanga.
4. Kifuniko cha alumini kinatakiwa kuwa na upana wa milimita 300. Mfano wake uwe na upana gani?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya methali, Mtoto wa nyoka ni nyoka, katika kazi ya kalibu.